Pilipili Zilizong'olewa Siku ya Hitma

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Mola wa kilichoota na wa kilichokauka, aliyeweka mti mzima ndani ya punje nyembamba kama gamba la dagaa, na ndani ya mti huo akaweka miti mingine ambayo idadi yake anaijua Yeye peke yake. Hutoa bila kuombwa na huchukua bila kuulizwa, na katika yote mawili anastahiki sifa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na waliomfuata kwa wema. Baada ya hayo, nasimulia habari ya dada yangu na pilipili zake, kwa kadiri nilivyoiona na kuisikia.

Dada yangu ni mdogo kwangu, wa tumbo moja. Mimi nilibaki Bagamoyo mjini nikisomesha chuoni, yeye akaolewa upande wa Miono, katika kijiji ambacho unaiacha lami nyuma ndipo ukifikie. Hawakujaaliwa mtoto. Mumewe alikuwa mtu mpole, mwingi wa utani, na wote wawili walikuwa wakulima wa pilipili mbuzi. Shamba lao lilikuwa bondeni, mahali ambapo maji hukaa muda mrefu baada ya masika kuisha, na karibu kila nyumba ya kijiji kile ilikuwa na jaruba lake la pilipili hapo. Lori la fuso lilikuja kuzichukua kupeleka Dar es Salaam.

Nikienda kuwatembelea wakati wa mavuno, hakuna aliyenipa mkono. Walinisalimia kwa kiwiko, kwa sababu vidole vyao vilikuwa vimelowa ukali wa pilipili, na mgeni akijisahau akagusa jicho atalia mpaka swala ipite. Msikitini wanaume walipaka mikono mafuta ya nazi, wakaisugua kwa majivu, wakaiosha, ndipo wakatawadha. Hata hivyo ungeona mtu anapangusa uso kwa mgongo wa kiganja, amefumba macho kwa nguvu. Shemeji yangu alikuwa akisema, "Maalim, sisi huku unyenyekevu wa kulia kwenye swala tunauokota shambani."

Kisha yakaja maradhi. Kwanza yalionekana kwa mtu mmoja mwisho wa bonde, halafu kwa wawili, halafu watu wakaacha kuhesabu. Majani yalitoka na batobato za kijani na njano, yakajikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto, maua yakadondoka, na pilipili zilizobahatika kushika zilitoka zimejipinda, nusu nyekundu nusu kijani, ambazo mwenye fuso alizitazama tu akapanda garini. Bwana shamba alifika akawaambia kwamba ni ugonjwa wa virusi, kwamba hakuna dawa ya kuupulizia, na kwamba vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani, ndio wanaoubeba kutoka mche hadi mche. Aliyeona mche unaumwa aung'oe na kuuchoma siku hiyo hiyo, na matunda yake pia.

Baada ya swala ya Ijumaa wanakijiji walikubaliana. Imamu wao aliliweka jambo lile katika haki za jirani: mche unaoumwa kwako ni dhuluma kwa mwenzako. Tena wakaongeza neno ambalo mimi nililiona jema sana. Nyumba ikipata mgonjwa au msiba, wenzake wataingia shambani mwake kumng'olea, ili shida isimzuie kutimiza haki za watu. Walilishika neno hilo. Nimewaona wakilitekeleza kwa mwanamke aliyejifungua, na kwa mzee aliyevunjika nyonga.

Lakini kung'oa hakukulikomboa bonde. Kila msimu majaruba yalipungua. Wengine wakahamia ufuta, wengine mahindi, vijana wakaenda kuendesha bodaboda Chalinze. Dada yangu na mumewe waliendelea kwa sababu shamba lao lilikuwa dogo, na kwa shamba dogo hakuna zao lingine ambalo lingewalisha.

Siku moja walikwenda kuhani msiba Lugoba. Nyuma ya jiko la nyumba ile, penye maji machafu, dada akauona mti wa pilipili mbuzi, mkongwe, shina lake nene kama mkono wa mtoto. Kando yake palikuwa na miche mingine ya jirani imejaa batobato. Ule ulikuwa safi. Akamuuliza mama mwenye nyumba.

"Huo hatuli," yule mama akamjibu. "Huo wa kuku. Wakishikwa na kideri tunawapondea kwenye maji."

"Mbona hauumwi?"

"Hata ungeumwa nani angejua? Wenyewe mbaya tangu zamani."

Tunda lake lilikuwa dogo, lenye makunyanzi, na lilikuwa chungu kwanza kabla ya kuwa kali. Sisi watu wa pwani tuna desturi ya kuweka mbegu kutoka kwenye tunda lililo kubwa na zuri kuliko yote, na ni nani angekwenda kuweka mbegu ya tunda lile? Dada yangu aliondoka na matunda machache kwenye pindo la kanga. Waliiotesha miche yake, wakaipanda katikati ya ile inayoumwa, na msimu ukapita haikuguswa.

Mwaka huo alipita binti mmoja mtaalamu wa mbegu, aliyekuwa akizunguka vijiji kutazama maradhi ya mboga. Alikuwa na adabu, alinipa shikamoo yangu kabla sijamuona. Alisugua utomvu wa jani linaloumwa juu ya majani ya ile miche ya Lugoba, akarudi baada ya muda kuitazama. Ilikuwa safi bado. Nilikuwepo siku aliyotueleza, tumekaa barazani, dada yangu ananyambua kisamvu.

"Maalim, kirusi si mdudu," alisema. "Hakina mdomo wala tumbo. Ni kama maandishi yaliyofungwa ndani ya ganda. Chenyewe hakiwezi kuzaana. Kikiingia kwenye mmea kinaufanya mmea usome yale maandishi, utengeneze virusi vingine."

"Mgeni aingie jikoni amwamuru mwenye nyumba ampikie," shemeji akasema.

"Ndiyo hivyo, baba. Anapika mpaka unga wa nyumba unaisha. Sasa ndani ya mmea kuna kitu kidogo ambacho kazi yake ni kushika maandishi ya mmea wenyewe yapate kusomwa. Na kirusi kinang'ang'ania pale pale. Kwenye huu wa Lugoba, umbo la kitu hicho limebadilika kidogo. Mmea unaendelea kukitumia, haudhuriki. Kirusi ndicho kinachokosa pa kushika."

"Kwa hiyo haupigani," dada akasema.

"Haupigani kabisa, mama. Umekosa tu kile ambacho adui anakihitaji."

Dada akacheka kidogo. "Kumbe umaskini nao kinga."

Yule binti akaendelea, na hapa nilimsikiliza kwa makini zaidi. Alisema kila mmea una nakala mbili za kila agizo la mwili wake, moja ya baba na moja ya mama. Ukizalisha ule wa Lugoba na pilipili yenu nzuri, mtoto atapata nakala moja ya huku na moja ya huku. Na maadamu ana hata nakala moja ya kawaida, kirusi kina pa kushika. Basi watoto wote wataugua.

"Msishangae na msing'oe," alisema. "Wanabeba urithi ambao wao wenyewe hawautumii. Vumilieni mpaka wazae, mbegu zao mpande. Kwenye wajukuu, takriban mmoja katika wanne ataupata urithi ule kwa baba na kwa mama. Huyo hataugua. Na miongoni mwa hao mtatafuta wenye tunda zuri."

"Takriban?" shemeji akauliza.

"Takriban, baba. Mungu hapimi kwa mizani ya dukani. Mkipanda wachache mnaweza kumkosa kabisa. Pandeni wengi."

Nimesomesha elimu ya mirathi sehemu kubwa ya umri wangu, na maneno yake hayakunipa taabu. Katika mirathi yupo mrithi anayezuiwa. Ndugu wa marehemu huzuiwa na mtoto wa kiume wa marehemu. Udugu wake haujafutika, damu ni ile ile, lakini mbele yake amesimama aliye karibu zaidi na yeye hapati kitu. Mtoto yule asipokuwepo, yule ndugu aliyekuwa nyuma anakuja mbele na haki yake kamili. Niliwaambia hivyo, na yule binti akasema ataukopa mfano wangu. Nikamwambia si wangu.

Shemeji yangu aliifanya kazi ile kwa subira ambayo sikuijua kwake. Alivaa miwani, akachukua kibanio cha kutolea miiba, akakaa juu ya ndoo shambani asubuhi kabla jua halijawa kali. Alifungua ua la pilipili nzuri kabla halijafunguka lenyewe, akang'oa vile vijiti vya kiume kimoja kimoja, kisha akalipaka ungaunga wa ua la Lugoba, akalifunga uzi. Mengi yalidondoka. Jirani yake, ambaye shamba lake limepakana na lake na ambaye walikuwa marafiki tangu ujana, alisimama kwenye mpaka akimtazama.

"Leo unamtahiri nani?"

"Mtoto wako, maana wewe umesahau."

"Mimi wangu wote wamekwisha. Wewe ngariba huna wateja mpaka uingilie mboga."

Tangu siku hiyo wakamwita Ngariba. Matunda machache yalishika, mbegu zake zote zikapandwa, na ile miti ya asili ya Lugoba ikakauka katika ukame uliofuata. Hawakuona kama ni hasara kubwa, kwa kuwa watoto walikwishapatikana.

Watoto wakaugua, kama tulivyoambiwa. Niliwaona kwa macho yangu, majani yamejaa batobato, wamedumaa, ila kwa kuwa dada yangu aliwapa samadi na maji kila siku walifanikiwa kushika matunda. Jirani akaja tena mpakani, na safari hii hakuwa na utani mwingi.

"Ngariba, watoto wako wote wana surua. Tulikubaliana nini Ijumaa ile?"

"Nakuomba mpaka ziive. Zikiiva tu nang'oa mwenyewe."

"Zikiiva ufanye nini? Hizo hata kuku wa Lugoba hatakula."

"Nataka mbegu."

"Mbegu ya ugonjwa."

Shemeji akajaribu kumweleza habari ya wajukuu, na kwamba ugonjwa huu haupiti kwenye mbegu. Jirani akasikiliza kama mtu anavyosikiliza ndoto ya mwenzake. Mwishowe, kwa ajili ya urafiki, akakubali. Shemeji akaifunika miche ile kwa vyandarua ili vidukari wasitoke kwake kwenda kwa watu. Jirani akasema, "Pilipili zinalala kwenye chandarua na sisi tunang'atwa," akaenda zake. Nadhani aliamini tu kuwa rafiki yake ameingiwa na huruma ya mimea, kama wazee wengine wasio na watoto wanavyofuga paka.

Matunda yalikuwa yameanza kupata rangi ubavuni pale shemeji yangu alipoanguka kando ya kisima na ndoo mkononi. Ilikuwa kiharusi. Walimchukua kwa pikipiki mpaka barabarani na kutoka hapo kwa gari, na roho yake ikatoka njiani. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tunarejea. Tulimzika siku hiyo hiyo kabla ya alasiri.

Dada yangu akaingia eda. Alikaa chumbani nyuma ya pazia, kanga nyeupe, wanawake wamemzunguka. Nilipopata nafasi ya kukaa naye karibu aliniuliza jambo la mirathi, kwa sauti ya chini, wala sikumlaumu kwa kuuliza mapema. Alilijua jibu, alitaka kulisikia kwangu. Mke asiyeachiwa mtoto fungu lake ni robo. Kilichobaki kingekwenda kwa kaka wa marehemu na dada yake, na wote wawili ni watu wema, hawakumfukuza wala hawakumdhulumu.

"Robo ya lile shamba, Kaka, ukipanda mahindi haifiki hata miezi mitatu," alisema. "Kwa pilipili itanitosha. Wajukuu wakitoka, nitakaa hapa hapa. Wasipotoka itabidi nije kwako."

"Kwangu ni kwako."

"Najua. Lakini kaburi lake liko hapa."

Kisha akaniuliza kama anaruhusiwa kwenda shambani kuchuma yale matunda, kwa kuwa yakikaribia kuiva mtu hawezi kuyaacha. Nikamwambia kwamba sheria inamruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa haja yake, akarudi kulala nyumbani kwake. Wifi yake, aliyekuwa amemshika mkono, akasema, "Ni kweli Maalim, wewe unajua kuliko sisi. Ila ngoja basi hitma ipite. Watu wamejaa uani, watamuona anakwenda bondeni hata kisomo hakijasomwa." Dada akaniangalia, akasema atasubiri hitma ipite, matunda yalikuwa bado kidogo, na siku moja hivi haingeharibu kitu. Tukaagana kwamba asubuhi baada ya hitma nitamsindikiza.

Siku ya hitma tulisoma, tukaomba, chakula kikapakuliwa. Wageni wangu wa Bagamoyo walikuwa wamefika na mimi nilikaa nao upande wa mbele. Sikuona wanaume wa kijiji wakiondoka. Waliondoka baada ya kula, kimya kimya, kama watu wanaokwenda kufanya jambo la heri na hawataki kushukuriwa. Jirani aliwatangulia.

Tulijua kwa moshi. Mtu ambaye hajawahi kukaa karibu na pilipili zinazoungua hawezi kufahamu. Upepo ulitoka bondeni, na uani wote watu wakaanza kukohoa. Watoto walikimbia, wageni wangu wakajifunika nyuso kwa makanzu. Nikasikia kule ndani wanawake wanapiga chafya na kukohoa, na mmoja anasema funga dirisha. Niliinuka nikaenda mpaka mlangoni mwa chumba. Dada yangu alikuwa amesimama. Alikuwa anatazama dirishani, machozi yanamtoka kama yanavyomtoka kila mtu aliyekuwa mle, na wifi yake alikuwa anampangusa akimwambia, "Kaa chini mwenzangu, yeye yuko pema." Akakaa.

Nilishuka bondeni haraka kadiri magoti yangu yalivyoniruhusu. Jaruba lilikuwa limesafishwa vizuri sana. Vyandarua vilikunjwa, vimewekwa juu ya jiwe. Katikati palikuwa na chungu ya miche inayoungua, matunda yake yanapasuka kwa sauti ndogo, na wanaume wamesimama upande wa juu wa upepo, macho mekundu, wanapangusa pua.

"Maalim, rudi utaumia kifua," jirani aliniambia. "Tumemaliza."

Nilimuuliza kama marehemu hakumwomba aziache.

"Aliniomba. Nikamwachia kwa sababu ya mapenzi." Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Lakini sasa yuko kaburini na hili deni la watu liko juu ya shamba lake. Yeye alikuwa na huruma, aliona haya kuzing'oa. Sikutaka aulizwe nalo. Nikasema nimtoe mimi."

Nilimwangalia mtu yule. Alikuwa amekohoa mpaka sauti imemkauka, kwa ajili ya rafiki yake. Nikasema Allah amlipe kwa nia yake. Sikuwa na neno jingine lililokuwa la kweli.

Jioni alikuja mlangoni kwa dada yangu, akazungumza nje ya pazia. "Shemeji, usihangaike na shamba. Tumelisafisha lote, hata mmoja hatukubakisha."

Nikasikia sauti ya dada yangu kutoka ndani. "Allah awalipe kheri. Mmefanya kazi nzito."

Kesho yake nilikwenda kuchakura majivu kwa kijiti. Mengi yalikuwa makaa. Chini kabisa, palipokuwa na unyevu, nilipata matunda machache yaliyobabuka upande mmoja. Nilimpelekea. Aliyapasua kwa kisu cha mboga, akatoa mbegu zilizokuwa bado na rangi, akazikausha juu ya karatasi, akanipa. "Uzioteshe wewe, Kaka. Mimi huku nikizipanda watakuja kuning'olea tena."

Nilizipanda Bagamoyo, katika makopo, kando ya birika la kutawadhia. Zilizochipua zilikuwa chache mno. Nilimpigia simu yule binti mtaalamu, ambaye alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine. Akasema pilipili zenye kinga zipo za aina nyingine, huko kwenye vituo na madukani, ila za jamii ya kwetu zenye kinga ile hajapata kuziona mahali pengine, na mbegu yake mwenyewe hakuiweka kwa kuwa alijua sisi tunayo. "Chungeni hao wachache, Maalim. Lakini nisikudanganye. Kwa idadi hiyo anaweza asiwepo hata mmoja." Nikaenda Lugoba pia. Nyumba ile iliuzwa, na nyuma ya jiko pamejengwa fremu za maduka zinazotazama barabara kuu. Kijana aliyekuwa akiuza vocha hapo hakuwahi kusikia kwamba palikuwa na mti.

Muda wote wa eda dada yangu alinipigia simu baada ya swala ya alfajiri. Hakuuliza habari zangu kwanza, na mimi sikuudhika. "Wajukuu wameamkaje?" Nami nilikwenda na simu sikioni nikaegemea ukuta na kuwatazama mmoja mmoja. Bagamoyo nako vidukari wapo, na pilipili za majirani zinaumwa. Siku ya kwanza nilipoona jani lenye batobato nilimwambia. Akasema, "Huyo hakujaaliwa. Tazama wengine." Wengine nao wakafuata. Yule wa mwisho alikaa safi kwa muda hata nikaanza kumsogeza kivulini kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba bakuli la maji yaliyojaa. Kisha asubuhi moja nikaona mishipa ya jani lake changa imegeuka rangi. Nilikaa na simu mkononi mpaka ikaita.

"Wameamkaje?"

"Hakuna aliyebaki, mdogo wangu."

Akavuta pumzi. "Alhamdulillahi kwa kila hali," akasema, na mimi nikasema vile vile. Walikuwa wameugua wakiwa wachanga, hawakupata nguvu ya kuzaa. Kila ua lililotoka lilidondoka, na makopo nikayapanda mnanaa.

Eda ilipokwisha nilikwenda kumchukua. Alitaka kwanza kushuka bondeni. Jirani alitutangulia, ana furaha ya kutuonyesha. Alikuwa amelima robo ya dada yangu kwa jembe lake mwenyewe, amepanda mahindi, na kwa mvua haba ya mwaka ule yalikuwa yamesimama vizuri kuliko ya kwake.

"Hapa hata dalili ya ugonjwa haipo tena," alisema. "Safi."

"Safi kabisa," dada yangu akajibu.

Nilifungua mdomo, si kwa ugomvi, bali kwa kuwa niliona ni haki mtu ajue. Dada akaniwekea mkono begani, akasema tu, "Kaka, jua linapanda." Tukarudi.

Alipofungasha vitu vyake kijiji kizima kilikuja. Wanawake walimletea mihogo mikavu na kuku, mpaka bajaji ikakosa nafasi ya miguu. Sehemu yake ya shamba alimwachia kaka wa marehemu alime. Jirani alisimama pembeni, akasema kwa masikitiko, "Tumekutengenezea shamba lote, halafu unatuacha."

"Nimezeeka, kaka yangu. Naenda kutunzwa."

"Lete basi utani wa mwisho. Ngariba asingeondoka kimya hivi."

Akafikiri. "Ngariba alisema wewe ulisahau kumtahiri mtoto, na mimi naondoka hujatuonyesha cheti." Watu wakacheka, jirani akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaendelea kukaa pale amefunika uso.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakumwambia. Tulikuwa tumeshapita Msata, tunateremka kuelekea Bagamoyo. Alikuwa anatazama mashamba ya mananasi.

"Walikwenda kumlipia deni," alisema. "Nikiwaambia walichochoma, siku nyingine mtu akifiwa hawatakwenda. Watakaa nyumbani waogope. Na mimi nataka waende."

Anaishi kwangu mpaka leo, katika chumba kinachotazama uani. Anaswali, anasuka mikeka, anawasomesha wasichana wadogo juzuu ya mwisho. Kaburi la mumewe anakwenda kulizuru tukipata usafiri, na si mara nyingi, kwa kuwa magoti yetu wote wawili yamekataa. Bondeni, nasikia, hakuna anayelima pilipili tena. Akitaka kiungo ananunua sokoni, pilipili kubwa nyekundu zinazotoka mbali, na kabla ya kuzikata hutoa mbegu zake, akazitazama kiganjani, akazitupia kuku. Nimemshukuru Mungu kwa kunipa dada kama huyu, na nimemwomba anipe nusu ya ukimya wake.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akujaalie majirani watakaoingia shambani mwako siku usiyoweza kuingia wewe, na awape pamoja na mapenzi yao ujuzi wa kinachopaswa kubaki. Akuhifadhie kilicho chema ndani yako hata kama hakionekani katika uhai wako, akidhihirishe kwa watakaokuja baada yako, na akupe moyo wa kushukuru kisipodhihirika. Amina.